Friza ya Akina Baba

Kaka yangu ni daktari, lakini ukiumwa usimpigie simu. Udaktari wake ni wa mimea, tena si mimea yote. Ni ile ya dawa tu, na hasa kichaka kimoja ambacho watu wanakiita mchungu kwa sababu ni mchungu, na ambacho yeye anakiita kwa jina la Kilatini refu kiasi kwamba akianza kulitamka nawahi kutia uzi kwenye sindano kabla hajafika mwisho. Mimi ni fundi cherehani. Nimemtangulia kuzaliwa, nimembeba mgongoni na nimemfuta makamasi, kwa hiyo huo udaktari haujawahi kunitisha.

Kazini kwake, kwenye kituo cha utafiti wa mimea ya dawa, wanamwita Daktari Chavua. Chavua ni ule unga wa manjano unaotoka kwenye upande wa kiume wa ua. Yeye anadhani wanamheshimu.

Ukimwona njiani utamsifu. Shati limenyooka, koti la maabara ni jeupe kama maziwa, suruali ina mkunjo unaoweza kukata mkate. Mkunjo huo anautia mke wake. Wifi yangu ni dobi, ana chumba chake cha kufua na kupiga pasi, na makoti yote ya kile kituo yanapita mikononi mwake. Chumba chake na changu cha kushonea vimegawana ukuta. Nikipiga chafya upande huu, yeye upande wa pili anasema afya. Watu husema wifi na wifi ni paka na panya. Sisi tulikuwa na kazi nyingi mno kupata nafasi ya kugombana.

Kaka na wifi wana watoto, wote mabinti. Wazuri, wakali, wenye akili, na mkubwa ana ulimi kama wangu. Wageni wakifika nyumbani na kumuuliza kaka amejaliwa watoto wangapi, alikuwa akijibu, "Bado tunatafuta." Alisema hivyo huku mabinti wamekaa mezani palepale wanafanya kazi za shule, penseli zao zikikwaruza. Nilimwambia mara moja kwamba siku moja watoto hao wataacha kumtafuta yeye. Akacheka, akaniambia mimi sielewi mambo ya kurithi.

Basi tuanze na hayo mambo ya kurithi.

Mchungu una dawa nzuri ya kushusha homa, ila una aibu moja: joto likizidi, unalegea. Majani yanajikunja, na ule uchungu, ambao ndio dawa yenyewe, unapungua. Na joto la miaka hii kila mtu analijua. Hata mawe yanatafuta kivuli. Wakulima walikuwa wakilalamika, kiwanda cha dawa kilikuwa kinalalamika, na wafadhili walikuwa wakimwuliza mkurugenzi wa kituo wanafadhili nini hasa.

Ndipo kaka yangu alipofanya jambo moja la maana maishani mwake, na sitamnyima sifa. Alikuwa akipita kando ya tanuri la kuchomea matofali, akaona kichaka cha mchungu kimesimama kwenye ufa wa ukuta, pale ambapo mtu hawezi kuweka kiganja. Majani mabichi, yamesimama wima. Akashuka kwenye gari, akakichimbua, akakifunga kwa taulo na kukipeleka kituoni. Akakiita Sugu. Kutoka kwenye vipandikizi vyake akapata mimea kadhaa, yote haijali joto hata kidogo.

Taabu ya Sugu ni kwamba ana majani madogo kama ya mchicha ulionyimwa maji. Kituo kilikuwa na aina nyingine, Jani Pana, yenye majani mengi lakini jua kidogo tu inazirai. Mtu mwenye akili anaona la kufanya: uwaoze hao wawili, upate mtoto mwenye majani ya huyu na ustahimilivu wa yule. Sasa, ua la mchungu lina vyote ndani yake, upande wa kiume unaotoa chavua na upande wa kike unaoipokea. Kila mmea unaweza kuwa baba na unaweza kuwa mama. Anayepanga ni mtu mwenye kibanio mkononi. Kaka yangu akapanga: Sugu awe baba.

Katika kazi yao kuna desturi ambayo hata mimi fundi cherehani naielewa, maana ni sawa na kugeuza nguo ndani nje kukagua mshono. Ukimjaribu huyu awe baba na yule awe mama, lazima ujaribu na kinyume chake. Mkurugenzi alimuuliza kikaoni, "Na kinyume chake, daktari?" Kaka akajibu, "Mzee, shujaa mzima tumfanye mama?" Kikao kizima kikacheka. Alinisimulia mwenyewe, anajipiga paja kwa furaha.

Haki yake nitampa: alikuwa na sababu za kitaalamu pia. Chavua ni rahisi kuhifadhi, alisema. Unaitia kwenye vichupa, unaigandisha kwenye friza, na siku ukiihitaji ipo. Basi akawa anakata maua ya Sugu kila yanapochanua, anakung'uta chavua, anaigandisha. Mbegu hakuacha hata moja ikomae. Kwenye maua ya Jani Pana alikuwa akiinama na kibanio chake kung'oa sehemu za kiume kabla hazijaiva, anapaka chavua ya Sugu kwa brashi, kisha anafunika kila ua kwa mfuko mdogo wa karatasi. Nilimtembelea siku moja nikakuta kitalu nyumba chote kimejaa maua yaliyovishwa mifuko kichwani. Nikamuuliza yamefanya kosa gani.

Friza ilipojaa na meza mpya za kuoteshea zilipofika, akaamuru ile mimea ya Sugu iondolewe ikachomwe, inachukua nafasi bure. Siku hiyo wifi alikuwa amepeleka makoti. Akaikuta imelundikwa mlangoni, mizizi juu.

"Unaitupa yote?" akamuuliza mumewe.

"Kilicho muhimu tumeshachukua. Chavua ipo tele."

"Na mti wenyewe?"

"Mti wa nini? Mama watoto, ukitaka takataka, beba."

Wifi akabeba. Akaokota mmea mmoja, akaupanda kwenye kopo la rangi lililokwisha, akauweka nje ya chumba chake cha dobi, chini ya bomba linalotoa mvuke wa maji ya moto. Hapo hata mjusi hakai. Sugu akakaa. Mabinti wakiwa na homa, wifi alikuwa akichuma majani na kuwachemshia. Kaka yangu aliliona hilo kopo mara nyingi tu. Siku moja alilalamika kwamba linamzuia kufungua mlango wa gari. Daktari wa mimea!

Kule kituoni watoto wa Sugu na Jani Pana waliota vizuri ajabu. Majani mapana, shina imara. Kaka akawapiga picha, akaziweka kwenye simu mahali ambapo watu wengine huweka picha za watoto wao. Halafu wakaingizwa kwenye chumba cha joto, na kufika mchana wamelala chali wote, kama walevi. Kaka akawaza, akaja na jawabu. Dozi ya baba haijatosha. Akachukua wale watoto, akawapaka chavua ya Sugu tena. Wajukuu wakazirai. Akapaka tena. Vitukuu wakazirai. Miaka ilikwenda hivyo. Kila mwaka akiongeza baba, na kila mwaka akina baba wakishindwa, na yeye akizidi kusadiki kwamba kosa lipo kwa Jani Pana. "Huyu mama ni dhaifu," alikuwa akiniambia. "Anamharibu mwenzake."

Na nyumbani alikuwa na utafiti wa namna hiyohiyo. Wifi akiwa mjamzito, kaka alimletea orodha za vyakula vya kumpatia mtoto wa kiume, mara ale hiki, mara asile kile. Alipozaliwa binti wa mwisho, kaka alikwenda hospitali, akafunua shuka, akatazama, akasema, "Sawa," akarudi kazini kumwagilia miche. Wifi alinisimulia huku anapiga pasi koti lake. Hakulia. Nililia mimi, nikaunguza gauni la mteja kwa pasi yangu.

Ukoo wetu nao, Mungu atusamehe, ukambandika wifi jina. Shangazi zangu walikuwa wakimwita Tumbo la Mabinti. Walilisema kwa tabasamu, jikoni, wakati yeye anawamiminia chai. Mtu mzima, mwenye kazi yake, mwenye watoto wenye afya, anakaa miaka yote hiyo kama mshtakiwa ambaye kesi yake haisikilizwi wala haifutwi.

Sasa kituoni akaajiriwa mtaalamu mpya, mwanamke kijana ambaye kazi yake ni kusoma jenomu, yaani yale maandishi yote ya kurithi yaliyomo ndani ya kiumbe. Wakamwita Kompyuta. Kompyuta hakuwa na habari na vicheko vya kikao. Alichotaka kujua ni kwa nini hawa watoto wanazirai. Akaotesha miche ya Jani Pana ndani ya kabati lenye giza, ikatoka mirefu na myeupe kama minyoo, kwa sababu kijani kikizidi kinamchanganyia usomaji wake. Akaotesha na ile ya wajukuu na vitukuu vya Sugu vilevile. Ya Sugu mwenyewe hakuwa na mche. Akatumia unga wa majani makavu uliobaki chini kabisa kwenye friza.

Alichokikuta alikieleza kwa namna ambayo hata mimi, niliyepewa habari na wifi aliyepewa na Kompyuta wakati wa kukabidhiana makoti, nilikielewa. Kila chembe ya mmea ina majiko yake madogo, yanaitwa mitokondria, ndiyo yanayoipa nguvu. Majiko hayo yana maandishi yao wenyewe, tofauti na yale makubwa yaliyochanganyika kutoka kwa baba na mama. Majiko ya Sugu yameandikwa namna yake. Joto likipanda, hayazimiki. Majiko ya Jani Pana yanazimika. Na katika mchungu, kama ilivyo kwenye mimea mingi, jiko mtoto anaachiwa na mama. Chavua haibebi jiko. Kwa hiyo wale watoto wote, wajukuu na vitukuu, walikuwa na majiko ya Jani Pana matupu, hata ungewapaka baba mpaka wawe manjano.

Kinachoniudhi ni kwamba kaka alijua. Hakuwa mjinga. Jambo la mitokondria kutoka kwa mama alikuwa akilifundisha chuoni jioni, anaandika ubaoni, anasahihisha mitihani. Ila haikumpitikia akilini kwamba jambo kubwa kama kushinda joto linaweza kukaa upande huo.

"Ni rahisi, daktari," Kompyuta akamwambia. "Tugeuze. Sugu awe mama. Uko wapi mmea wenyewe?"

Kaka akaenda kufungua friza, kwa mazoea tu, akasimama mbele yake na ubaridi unampiga usoni.

"Hao ni akina baba," Kompyuta akasema. "Akina baba tunao wa kutosha mji mzima. Mama yuko wapi?"

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini kaka yangu alikuwa amefunzwa na mamaye vizuri sana; ulimwengu ulimwongezea tu. Akaendesha gari mpaka kwenye lile tanuri la matofali. Tanuri lilikuwa limebomolewa, pamejengwa ghala. Akamuuliza mlinzi kama amewahi kuona kichaka hapo. Mlinzi akamwambia, "Mzee, hapa tuna matairi tu. Unataka saizi gani?"

Mkurugenzi naye akamwekea wazi. Wafadhili wanakuja msimu wa joto. Mmea usipopatikana, mradi unafungwa, na cheo cha mkuu wa idara, ambacho kaka alikwisha kukitengenezea kadi za jina, akisahau.

Ungedhani mtu aliyefikwa na hayo ataacha mengine yote. Thubutu. Katika wiki hiyohiyo alikuwa ameitisha kikao cha ukoo kutangaza kwamba anaoa mke wa pili. Amempata mwalimu wa chekechea, mpole, na juu ya yote, aliniambia, "anatoka kwenye familia inayozaa wanaume." Alisema hivyo kama anasoma pakiti ya mbegu. Nikamuuliza mke wake anasemaje. Akasema ameshamjulisha.

Siku moja kabla ya kikao alikuja chumbani kwangu, akakaa kwenye kigoda cha wateja hapo nje, akaanza kunisimulia masaibu yake. Mvuke kutoka kwa wifi ulikuwa ukitoka kwenye bomba, unamlowesha bega. Akageuka kuukinga kwa mkono, na mkono ukagusa majani. Akachuma jani, akalitafuna. Halafu mtaka cha mvunguni akainama. Akapiga magoti kwenye maji ya sabuni, suruali yake ya mkunjo na yote, akalikumbatia kopo la rangi.

Wifi akatoka, pasi mkononi.

"Mama watoto," kaka akasema, "huu ni Sugu."

"Hiyo ni takataka," wifi akasema. "Ulisema mwenyewe."

"Nipe. Tafadhali. Hujui umeokoa nini."

"Najua. Kompyuta ameniambia." Akaitua pasi. "Nitakupa kesho, mbele ya wazee wako. Nina swali moja nitakuuliza pale. Ukilijibu kama unavyowajibu wanafunzi wako, mti ni wako, na ukitaka kuoa, oa."

"Swali gani?"

"Mtihani hauvujishwi, mwalimu."

Kaka alipoondoka nikamwambia wifi kwamba amechezea shilingi chooni. Angedai avunje hiyo ndoa, angedai nyumba, angedai chochote. "Wifi," akasema, "mwanamume anayetaka kuondoka simshiki shati. Nataka aseme tu. Mara moja, mbele yao, aseme kwamba si mimi. Mabinti wangu wasikie." Akaingia ndani kuendelea na makoti ya watu. Nilikaa na cherehani yangu bila kushona kitu.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa kaka. Viti viliazimwa kwa jirani. Baba Mkubwa, ndugu mkubwa wa marehemu baba yetu, alipewa kile kiti kizuri chenye mikono, na wazee wengine wakajipanga ukutani. Shangazi walikuwa kwenye mkeka, wametulia kama watu waliokwisha kujua filamu inaishaje. Mabinti walisimama kwenye mlango wa chumbani, mkubwa ameshika mkono wa mdogo. Wifi alikaa karibu na mlango wa nje, amevaa gauni nililomshonea mimi, na kopo la rangi liko miguuni pake. Hakuna aliyeuliza kopo ni la nini. Kaka alikuwa haondoi macho hapo.

Akasimama, akasema aliyoyapanga. Kwamba mtu ni mti, na mti ni mizizi. Kwamba jina la baba yetu haliwezi kufia mikononi mwake. Kwamba mke wake ni mwanamke mwema, hana neno naye, "ila kwa upande wa mrithi, hakujaliwa." Shangazi wakaguna kwa huruma ile ambayo ukiipima ni matusi.

"Mama mwenye nyumba ana neno?" Baba Mkubwa akauliza.

"Ninalo swali, baba," wifi akasema. Hakupandisha sauti. "Baba watoto, wewe ni mtaalamu wa kurithi. Majiko ya Sugu umeambiwa yanatoka kwa mama, na umekubali. Sasa waeleze wazee na hili. Mtoto wa binadamu kuwa wa kike au wa kiume, linaamuliwa na mbegu ya nani? Ya mama, au ya baba?"

Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake kabisa, nilimwona vizuri. Jibu lilikuwa mdomoni. Amelifundisha miaka na miaka, amewakata wanafunzi alama kwa kulikosa. Akatazama kopo. Akatazama mlango wa chumbani. Kisha akatazama wazee walivyojipanga ukutani, nyuso za marehemu baba yetu tupu, na nikaona jibu linarudi tumboni.

"Jibu, mwanangu," Baba Mkubwa akamhimiza. "Mbona swali jepesi?"

"Kitaalamu," kaka yangu akasema, akikohoa, "hilo ni suala pana. Lina mambo mengi ndani yake. Utafiti bado unaendelea."

"Mwongo!" nikasema. Nilisimama bila kujua nimesimama. "Mwongo mkubwa! Linatoka kwa baba, na unalijua kuliko sisi sote humu!"

"Kaa chini, wewe," Baba Mkubwa akanikemea. "Mwenye elimu amesema."

Wifi alimwangalia mumewe, wala si kwa hasira, kama mtu anayehakikisha kwamba doa kweli haliwezi kutoka. Akanyanyuka, akalibeba kopo. Mabinti wakavaa viatu. Mabegi yalikuwa tayari chini ya kitanda. Mkubwa ndiye aliyeyatoa. Walipokwisha kupita uani, Baba Mkubwa akauliza, "Sasa huyu anakwenda wapi na mti?"

Walihamia vyumba viwili vya nyuma ya dobi, na wako huko mpaka leo. Asubuhi iliyofuata wifi alipeleka makoti kituoni kama kawaida, na juu ya makoti kulikuwa na kopo. Alimkabidhi Kompyuta. Mkurugenzi alitaka kujua anadai nini, wifi akasema koti lenye doa la wino litachelewa.

Kuna desturi nyingine ya kazi yao ambayo kaka hakuwahi kunieleza. Nilielezwa na Kompyuta. Wakiiozesha mimea, kwenye kibao wanaandika mama kwanza, kisha baba. Na mmea ulioletwa na mtu kutoka nje unaandikwa kwa jina la aliyeuleta. Basi mama wa ukoo wote mpya wa mchungu anaitwa kwa jina la wifi yangu. Liko kwenye kila kibao, kwenye kila chungu, kwenye meza zote zile mpya. Watoto wake wamekaa kwenye chumba cha joto mbele ya wafadhili, wamesimama wima, majani mapana. Kompyuta ndiye mkuu wa idara. Daktari Chavua bado yupo, kazi ya chavua anaiweza, na vibao ni yeye anayeviandika kwa mkono wake, maana ana mwandiko mzuri.

Ile harusi haikuwa. Mama wa yule mwalimu wa chekechea alikuja kwangu kupimwa gauni, na mimi wakati nampima kifua nilimweleza yaliyomo kwenye kitabu cha shule, bila malipo. Akaondoka bila kuchukua risiti. Baba Mkubwa naye alinipigia simu, baada ya kusikia habari hiyo.

"Hivi ni kweli ni mbegu ya baba?" akaniuliza.

"Ni kweli."

"Kwa watu wote? Hata zamani?"

"Hata zamani, Baba Mkubwa."

Zamani hizo, mimi nikiwa mtoto, Baba Mkubwa alimrudisha mke kwao kwa kosa la kuzaa mabinti. Yule mama alifia huko kwao, na wale mabinti hawakurudi kumsalimia hata siku moja. Baba Mkubwa alikata simu bila kuaga.

Kaka huja kukaa kwenye kigoda changu, siku ambazo anajua mkewe yupo upande wa pili wa ukuta. Mabinti wakipita wanamwamkia, "Shikamoo, baba," kwa adabu kamili, wanaendelea na safari. Kwangu hapati huruma, lakini chai anapata, ni ndugu yangu. Juzi aliniuliza polepole, macho chini.

"Dada, huwa ananiulizia?"

Nilitaka kumdanganya. Nilikumbuka kwamba katika ukoo wetu kazi hiyo ina watu wa kutosha.

"Hapana," nikamwambia. "Huwa anaulizia ule mti, kama unapata maji."

"Mwambie unapata," akasema. "Mwambie naumwagilia mwenyewe, kila asubuhi."

Nikagonga ukuta, nikamwambia wifi maneno yote kama yalivyo. Tukasikiliza, mimi na kaka. Upande wa pili pasi ilikuwa inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, na haikusimama.